Toazi Nililolibadilisha kwa Koti la Mvua

Jumatatu ya Pasaka, 7 Aprili 1947

Daftari hili lilikuwa la kuandikia mizigo ya stesheni. Jalada liliingia maji, karani mkubwa akataka kulitupa, nikamwomba. Sasa litaandikwa mambo yangu mimi, Phineas Ruwa, karani wa mizigo hapa Changamwe siku za kazi, na mpiga ngoma wa Bendi Changamka siku za Jumamosi na sikukuu. Mambo yenyewe yamekuwa mengi, na sina wa kumweleza ila Dorcas, naye nikianza tu kueleza hucheka.

Leo tumepiga dansi katika jumba la mikutano tangu saa tisa hadi magharibi. Watu walijaa. Toazi langu lilivuma mpaka mbwa wa jirani wakaitika. Toazi hili, sahani ya shaba ya kupiga kwa kijiti, ni pana kama sinia la wali wa watu wanne. Nililipata kisiwa cha Silani wakati wa vita, kwa sajenti mmoja wa bendi ya jeshi. Yeye alitaka koti langu la mvua, mimi nilitaka toazi lake, tukabadilishana. Wenzangu wa kikosi walinicheka mwezi mzima, maana ndiyo kwanza mvua za huko zilikuwa zinaanza.

Baada ya dansi Nicanor alinivuta kando. Yeye ndiye kiongozi wetu na mpiga tarumbeta, mtu wa bara, Mmaragoli. Akaniambia, "Wewe Phineas, hiyo toazi yako inakula maneno ya watu. Mwimbaji anasema 'mpenzi', watu wanasikia 'mpe', halafu ni shwaaa mpaka wimbo inaisha." Nikamwambia bendi isiyovuma ni kwaya ya shule. Hatukusalimiana vizuri wakati wa kuagana.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni la jana. Nilipeleka kadzama kwa Mzee Garama, babake Dorcas, yaani ule mtungi wa tembo la mnazi ambao kwetu mchumba hupeleka kufungulia maneno. Mzee na nduguze wakanywa mtungi wote. Akajipangusa midomo, akasema, "Tembo zuri, mwanangu. La pili usilete kwanza. Simpi binti yangu mtu ambaye kazi yake ni kupiga makelele. Nitakuja kukusikiliza siku nitakayotaka mwenyewe, kisha nitakwambia ulete au usilete."

Bila kadzama ya pili hakuna harusi. Na Mzee Garama si mtu wa kudanganywa kwa ngoma. Ujana wake wote alipiga za harusi na za matanga, kutoka Rabai hata huku pwani, na mpaka leo anaitwa kuja kusema ngoma gani nzima na ipi imekufa. Dorcas amenionya, "Baba ngoma isipompendeza huinuka akaenda zake. Hata kwenye harusi ya dadake aliinuka."

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua ya kwanza ya masika. Nimelowa kutoka stesheni mpaka nyumbani. Koti sina.

Jumamosi, 12 Aprili

Nicanor amemwalika mtu wa Likoni aje atusikilize, anaitwa Ngowa, mpiga ngoma wa bendi ya huko. Kijana mrefu, mpole, kofia imekaa upande. Akafungua mfuko wa kitambaa akatoa toazi lake. Nilicheka kabla sijajizuia. Lilikuwa dogo, upana wa sahani moja ya kulia.

"Bwana," nikamwuliza, "kifuniko umekuja nacho, sufuria yake umeiacha wapi?"

Watu wakacheka. Ngowa naye akacheka. "Sufuria iko Likoni, bwana we, inachemka."

Akakipiga. Chwa! Kikanyamaza hapo hapo, kama kitunguu kilichotupwa kwenye mafuta ya moto na sufuria ikaepuliwa. Mimi sikuona kitu cha maana. Lakini Nicanor aliinamisha kichwa akasikiliza, akamwomba apige tena, na tena. Alikuwa akikitazama kama mtu aliyeona chumba kizuri cha kupanga. Simpendi huyu Ngowa.

Jumatano, 16 Aprili

Paa la chumba changu linavuja mahali pane. Nimeshinda jioni nzima nikihamisha ngoma kutoka pembe hii kwenda pembe ile, na kila nikihama tone nalo linahama. Bi Mwanasaumu, mwenye nyumba, amechungulia mlangoni akasema, "Masika hayana adabu, mwanangu. Yangoje yapite, nitaleta makuti." Mwaka jana alisema hivyo hivyo.

Jumapili, 20 Aprili

Afadhali. Mama Nyamvula, mamake Dorcas, amesema niweke vyombo vyangu kwao Magongo, nyumba yao ina mabati na haivuji. Nimevipeleka leo kwa mkokoteni baada ya ibada.

Mzee Garama akatoka kuvikagua. Ngoma kubwa akaigonga kwa kifundo cha kidole. "Imelala," akasema. Ya pili akaigonga. "Hii nayo. Unyevu." Kisha akafika kwenye toazi, akalizunguka.

"Na sinia hili?"

"Ni toazi, baba."

"Linakula nini?"

Nilidhani ananitania. "Halili kitu, baba. Hupigwa tu."

Akanitazama kwa huruma. "Kila chombo kina chakula chake, mwanangu. Ngoma hula moto. Usipoipa moto masika haya, utapiga ngozi ya mzoga."

Dorcas alikuwa akipembua mchele barazani, akainamisha uso kwenye ungo mabega yakimtetemeka. Nikala kwao wali wa nazi na kunde. Mzee hakusema siku gani atakuja kunisikiliza, nami sikuthubutu kuuliza.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Gari la mizigo limechelewa saa sita. Sajenti wa Silani, popote alipo, yuko mkavu.

Alhamisi, 1 Mei

Mazoezi kwa Nicanor. Ngowa amekuja tena, safari hii nzima kutoka Likoni, mvua yote hii. Anatafuta nini? Nikamwona amesimama mbele ya toazi langu, analigongagonga ukingoni kwa kucha na kusikiliza. Nikamwambia aliache. Akasema, "Nasikiliza tu, bwana. Lina sauti nzuri ndani, ila imefichwa na kelele." Imefichwa na kelele! Nimerudisha vyombo Magongo nikiwa nimenuna.

Jumamosi, 3 Mei

Niandike polepole, maana hasira bado haijanitoka.

Saa nane nilipita Magongo kuchukua vyombo. Mzee alikuwa amelala, Dorcas na mamake wamekwenda kwa wagonjwa. Ngoma niliziona zimekauka na kukaza, ukizigusa kwa kidole zinajibu. Nikamshukuru Dorcas moyoni, nikidhani amezifuta na kuzifunika. Kwenye ukingo wa toazi, upande mmoja, palikuwa na doa la rangi ya zambarau. Nikalisugua kwa shati, halikutoka. Nikajua ni jasho la vidole vya Ngowa.

Jumba lilijaa. Ngowa naye alikuwepo, kiti cha mbele. Nicanor akahesabu, tukaanza rumba, nami nikangoja mahali pangu pa kwanza, pale ambapo mwimbaji humaliza mstari na mimi huachia toazi. Nikaliachia kwa nguvu zangu zote.

Likalia *kaa*. Kama debe lililokanyagwa na mkokoteni. Wacheza dansi wakasimama. Nikalitazama: ufa umeingia kutoka ukingoni, urefu wa kidole, umepita katikati ya lile doa la zambarau.

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Debe tupu haliachi kuvuma! Hilo lako limeacha!" Wakacheka wote. Mimi nikaona giza. Nikaruka kutoka kwenye kiti, nikamwendea Ngowa mbele za watu, nikamwambia ni yeye. Nikamwambia aligonga toazi langu Alhamisi kwa hila, kwa kuwa anataka nafasi yangu, na doa la mkono wake hilo hapo ni shahidi.

Ngowa akasimama. Hakupandisha sauti. "Wallahi, bwana, sikulifanya kitu. Kucha haipasui shaba." Akavaa kofia yake, akatoka kwenye mvua.

Nikarudi kitini nikapiga dansi lililobaki bila toazi. Lilikuwa kama wali mkavu bila mchuzi. Kutoka pale nimeketi hapa nikiwaza jambo moja: Mzee Garama akija kesho, atasikia nini?

Jumapili, 4 Mei

Sikwenda kanisani. Nisingeweza kuimba.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Nimeandika magunia ya mahindi kuwa ya saruji mara mbili. Karani mkubwa amenisamehe mara moja tu.

Jumamosi, 10 Mei

Ee Mungu wangu.

Nilikwenda Magongo kumweleza Dorcas ubaya wa Ngowa, hotuba nimeipanga njia nzima. Nikapita nyuma ya nyumba. Mzee Garama amechuchumaa chini ya ukingo wa paa, moto wa vifuu vya nazi mbele yake, na mikononi ana ngoma yangu ndogo niliyoiacha. Anaizungusha juu ya moto taratibu, anaigonga, anaizungusha. Uso wake una furaha ya mtu anayembembeleza mjukuu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu moto. Nakutengenezea chombo chako. Juzi ulivikutaje?"

"Vizuri sana, baba. Vilikuwa vimekaza."

"Ndiyo!" Akacheka. "Nilivipasha vyote Ijumaa ile, kabla hujavichukua. Hata lile sinia lako. Lilikuwa baridi kama samaki. Nikaliegesha upande mmoja juu ya makaa, nikakaa nalo mpaka likaanza kubadilika rangi. Hapo nikajua limeamka. Lililia vizuri?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi humo, mengine ya jeshini. Nyuma ya Mzee nikamwona Dorcas amesimama na ndoo ya maji, ametoa macho, anatikisa kichwa: usiseme, usiseme.

"Lililia, baba," nikasema.

"Liko wapi sasa? Nilipashe tena."

"Liko kwa fundi, baba. Linasafishwa." Wakati huo lilikuwa chini ya kitanda changu, limefungwa kwenye gunia kama maiti.

Dorcas alinifuata mpaka njiani. Hakucheka hata kidogo, ndipo nikajua mambo ni makubwa. Akasema naye alikuwa hajajua mpaka alipomsikia babake akisema. "Phineas, nakuomba. Baba hajapata kuharibu chombo cha mtu tangu azaliwe. Watu humletea ngoma kutoka Mazeras. Akijua amepasua toazi lako, hatainua uso tena mbele yako. Na wewe ndiye utakayekuwa mwanawe."

"Nikipewa," nikasema.

"Ukipewa," akasema. Hapo akatabasamu kidogo.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimelowa, na hasira yote imekwisha. Mzee alitaka kunisaidia. Alilipa toazi langu heshima ile ile anayoipa ngoma. Ninayemwonea uchungu sasa ni Ngowa. Nilimvunjia uso mbele ya jumba zima kwa kosa ambalo hakulifanya. Hasira hasara, nilifundishwa nikiwa mdogo, nikadhani ni ya kuandikia mwandiko tu.

Jumapili, 11 Mei

Likoni. Nimevuka na feri mchana, toazi kwenye gunia, mvua usoni. Nikauliza nyumba ya Ngowa mpiga ngoma, nikaonyeshwa. Alikuwa akila. Akanitazama, akatazama gunia, akasogea mkekani akanipa nafasi.

"Kula kwanza," akasema.

Nikamwambia siwezi kula kabla sijasema. "Nimekuja kutaka radhi. Toazi hukulipasua wewe. Nilikosa, na nilikosa mbele za watu. Jumamosi nitasema mbele za watu hao hao."

"Alilipasua nani?"

"Siwezi kumtaja."

Ngowa akamung'unya mfupa wa samaki, akawaza. Ghafla akacheka mpaka akakohoa. "Mtu akimficha aliyemharibia mali, huyo aliyeharibu ni mkwe!"

Nikainamisha uso. Akazidi kucheka, na mimi nikashindwa kujizuia. Tukacheka wote wawili mpaka mamake akaja kuuliza kuna nini.

Akalitoa toazi kwenye gunia, akapitisha kidole kwenye ufa. "Limepata moto upande huu tu. Pale moto ulipokaa shaba imekuwa kavu, haivumilii. Ndani ni zima." Akaleta lile lake dogo. "Hili nalo lilikuwa pana kama lako. Lilianguka kutoka kwenye lori, likapasuka ukingo. Nikalikata. Ngoma ikilia sana hupasuka, ndivyo wasemavyo. Langu lilipopasuka ndipo likajifunza adabu."

Nimejifunza leo mambo ambayo sikuyajua miaka minne ya kupiga. Toazi kubwa, akaniambia, ni la kutandika: unalitandaza chini ya wimbo kama mkeka, na usipoangalia litamfunika na mwenye kuimba. Dogo ni la kusema neno moja na kunyamaza. Mwimbaji akimaliza mstari, unaliweka hapo, chwa, na kila mtu anajua mstari umekwisha. Tarumbeta ikiuliza, linajibu. Wacheza dansi wanapotaka kugeuka, unawagusia tu, nao wanageuka pamoja bila kujua nani amewaambia. Halipigwi kwa mkono mzito. Kijiti kinaliparuza juu na kuondoka, kama unamfukuza inzi kwenye chakula bila kukigusa chakula. Ukitaka liwe fupi zaidi, unalipiga na kulishika hapo hapo kwa vidole viwili. Alinipa lile lake nikajaribu. Mara kumi za kwanza nililipiga kama ninayepiga nyoka. Ngowa akaniambia, "Polepole, bwana. Halijakukosea."

Kumbe mikono yangu ndiyo iliyokuwa na kelele, si toazi.

Jumatano, 14 Mei

Fundi Kalama, yule mtengeneza taa na ndoo hapa sokoni, amekubali kulikata. Amechora duara kwa uzi na msumari kuanzia tundu la katikati. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi fundi ameniambia ufa huu hauzibwi, unakatwa na ukingo wote unakwenda nao. Duara alilochora ni dogo mno. Nilitaka kumwambia aache kidogo zaidi. Nikajizuia.

Jumamosi, 17 Mei

Nimesimama jukwaani kabla ya dansi nikasema kosa langu. Wengine walicheka, wengine wakapiga makofi. Nicanor akanipa mkono mbele za watu. Akaninong'oneza, "Umesema vizuri, na fupi. Jifunze kupiga hivyo hivyo."

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Kalama anasema msumeno umekwisha meno.

Alhamisi, 22 Mei

Limekwisha! Kalama amelikata, akapitisha tupa, akamaliza kwa msasa mpaka ukingo hauchani kidole. Akaniuliza ule ukingo uliotoka, bangili kubwa yenye ufa na doa la zambarau, nauchukua? Nikamwambia abaki nao, nisiuone tena.

Nikalining'iniza kwa kamba palepale dukani, nikaliparuza kwa kijiti. Chwa! Sauti ikaruka, ikafungua mikono, ikaketi. Mwanamke aliyekuwa akinunua taa akageuka kama aliyeitwa jina. Nikapiga tena. Nimekaa na toazi hili miaka mitatu, na leo ndiyo mara ya kwanza kulisikia. Nilifurahi hata nikasahau kumuaga Kalama.

Jumapili, 25 Mei, Pentekoste

Mwalimu wa watoto wa kanisa aliniomba nimsaidie kwenye maandamano. Watoto arobaini, na kila mwaka wakifika kona ya shule nusu hupinda na nusu huendelea moja kwa moja mpaka barabara kuu. Safari hii tuliwafundisha: chwa moja, geuka kushoto, chwa mbili, simama. Wakageuka wote kama askari. Mama mmoja akalia kwa furaha, wa kwake ndiye aliyepotea mwaka jana.

Dorcas akaniambia, "Kifuniko chako kina kazi kuliko wewe." Amekuwa akikiita kifuniko tangu nilipomsimulia nilivyomtania Ngowa. Nyumbani kwao akiona nimenyamaza hugonga sufuria, akanitazama.

Jumatano, 28 Mei

Dorcas amepita stesheni. Baba amesema atakuja Jumamosi. Sijala chakula cha jioni.

Jumamosi, 31 Mei

Saa nane unusu Mzee Garama aliingia na koti lake jeusi la ibada, mwavuli mkononi, Mama Nyamvula na Dorcas nyuma. Wakaketi safu ya pili. Ngowa alikuwa amekuja kutoka Likoni kunitia moyo, akaketi kando ya Mzee, wakaanza kuzungumza. Nikaogopa ataropoka. Nilimkodolea macho. Akanikonyeza, jambo ambalo halikunisaidia.

Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda. Mzee hakutikisa hata kidole. Wimbo wa tatu, rumba ile ile ya siku ya ufa, mvua ikashuka. Sijasikia mvua kama ile tangu Silani. Iliangukia mabati ya jumba kwa kishindo, shaaaa bila pumzi. Mwimbaji anafungua mdomo, neno halitoki. Gitaa limekufa. Tarumbeta ya Nicanor ilisikika kama iko ng'ambo ya maji ya Makupa. Wacheza dansi wakaanza kukanyagana, huyu anageuka, yule bado. Nikawaza: lile toazi langu pana lingekuwa hapa, shwaaa yake ingeingia ndani ya shaaa ya mvua na kupotea kama chumvi kwenye maji.

Nikaparuza kile kidogo. Chwa!

Kilikata mvua. Kilipita katikati yake, kifupi na chenye makali, na miguu ikakisikia. Mwisho wa mstari, chwa. Wakageuka. Nicanor akanitazama, akanielekea na tarumbeta yake, akawa ananifuata mimi, mtu ambaye hajawahi kumfuata yeyote. Hatukusikia maneno ya wimbo, lakini kila mtu mle ndani alijua tuko wapi. Nikaanza kufurahi mpaka nikasahau kuogopa.

Ndipo nikamwona Mzee Garama akiinuka.

Aliinuka taratibu, akachukua mwavuli, akapita mbele ya watu, akafika mlangoni. Hakugeuka nyuma. Akafungua mwavuli akatoka. Nikamtazama Dorcas, ameweka mkono mdomoni. Katikati ya wimbo! Harusi ya dadake angalau alingoja wimbo ukwishe.

Nilitaka kuweka vijiti chini. Sijui kwa nini sikuviweka. Labda ni ile miguu, watu mia moja wamenitegemea niwaambie wapi pa kugeuka, na wao hawakunikosea kitu. Nikapiga. Nilipiga mpaka mwisho, kwa mkono mwepesi, na macho yameniuma. Nicanor akarudia wimbo kwa kuwa watu hawakutaka uishe. Nikapiga tena.

Tulipofika mwisho wa pili, mlango ukafunguka. Mzee Garama amerudi, mwavuli umepinduliwa na upepo, koti la ibada linachuruzika maji, viatu mkononi. Akaja moja kwa moja mpaka jukwaani, jumba zima linatazama.

"Nimefika kwenye njia ya reli," akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusemea juu ya ngoma. "Ngoma husikilizwa kwa mbali, si kwa karibu. Ukiwa karibu kila chombo ni kizuri. Nikavuka reli, nikasimama. Mwimbaji hasikiki. Tarumbeta nusu nusu." Akanyosha kidole chenye maji. "Hicho kidogo kimefika. Kila kilichosema nimekisikia."

Kumbe wazee wa ngoma hawainuki kwa kuchoka tu. Huinuka pia kwenda kupima. Dorcas tangu utoto alimwona babake akitoka, hakuwahi kumfuata ajue anakwenda wapi. Hata kwenye harusi ya shangazi, amesema Mama Nyamvula akicheka mpaka machozi, alikwenda kusikiliza kutoka kisimani, akakuta tembo huko akabaki.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imekatika tangu alfajiri. Baada ya ibada niliitwa Magongo. Mzee alikuwa barazani, shingo imefungwa kitambaa, anapiga chafya, amefurahi. Nikaketi. Nikainua macho, nikaona msumari ukutani juu ya kichwa chake, na kwenye msumari kumening'inia ukingo wa toazi langu. Ufa wake, doa lake la zambarau, vyote.

Nikainuka nusu, nikaketi tena.

"Nilipeleka taa kwa Kalama Ijumaa ya wiki iliyopita," Mzee akasema, hanitazami. "Nikakiona kimetupwa chini ya meza. Nikauliza cha nani. Doa lile nalijua, mwanangu. Moto wangu naujua. Nikakaa nacho nikakungoja. Nikasema, kijana huyu ana mdomo, atakuja kuniaibisha mbele ya mke wangu. Hukuja. Jana yule kijana wa Likoni ananieleza, bila kujua anamweleza nani, kwamba ulivuka maji kumtaka radhi na jina la aliyepasua ukalikataa."

Nina hakika Ngowa alijua vizuri sana anamweleza nani. 

"Lakini nilimlaumu yeye kwanza, baba. Mbele za watu."

"Hilo nalo nimelisikia. Ulikuwa bado toazi kubwa." Akapiga chafya. "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani linakula moto."

Nilitaka kusema mengi. Mzee wa watu ananiomba mimi msamaha! Nikasema tu, "Yamekwisha, baba," nikanyamaza.

Akajipangusa pua. "Kadzama ya pili," akasema, "lete Jumamosi. Lete mbili, ndugu zangu wana kiu." Kisha akanyosha shingo akautazama ule ukingo ukutani, na kiburi chake chote kikamrudia. "Ila useme kweli. Bila moto wangu, kidogo kile ungekipata wapi?"

"Nisingekipata, baba."

Huko jikoni Dorcas akagonga kifuniko cha sufuria mara moja, akakishika.